Maganda Kumi na Moja

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza mimi. Nasema hivi nikiwa na akili zangu timamu, na waliofanya biashara na mimi hapa Sumbawanga watakubali. Shule niliachia darasa la nne. Lakini niletee gunia la mahindi limeshonwa mdomo, nilichome bambo mara moja tu, ule mchuma wenye mfereji tunaochomea magunia ili kutoa punje za kuonja, nami nitakuambia mahindi yalikauka juani au jikoni, na mwenye mali amechanganya nini pale katikati akidhani mkono wangu hautafika. Nimeona mchanga kwenye ulezi. Nimeona mawe kwenye maharage, mawe yaliyochaguliwa rangi kabisa yafanane. Lori la magunia mia nachoma matatu, nanusa, natafuna, nataja bei. Matatu yakitosha kunikasirisha, lori zima linageuza.

Ndivyo nilivyojenga. Nina mashine mbili za kusaga, nina Fuso, nina pikapu, na nyumba yangu ya Chanji ina marumaru mpaka jikoni na madirisha ya alumini. Watu husimama getini wakaangalia. Sijisifu, mtu aliyechoka kuangalia apite.

Sasa habari yenyewe ni ya kuku.

Mama yangu alifuga vibete kule Msanzi tangu sijazaliwa. Hawa ni kuku wadogo, jogoo mzima unamshika kwa kiganja kimoja. Miguu mifupi, na manyoya yameshuka mpaka kwenye vidole kama wamevaa soksi. Kwa baridi ya kwetu nadhani Mungu aliwavalisha makusudi. Watu wa nje huwacheka, wanasema nyama ya kibete huishia kwenye jino la kwanza. Lakini kibete hafugwi kwa nyama. Kibete ni mama. Kuku wengine hulalia mayai siku tano, akisikia mtama umemwagwa huyo, kaondoka. Kibete akishalala, hata umwagie ghala. Wanawake wa kijiji kizima walikuwa wanakuja kwa mama na mayai kwenye kanga: "Mama, nikopeshe koo wako anitotolee." Mpaka mayai ya bata koo mmoja aliwahi kuyalalia, na mabata yalipoingia dimbwini alilia kando siku nzima kama mtu aliyefiwa.

Na kuna jambo ambalo huwa silisemi. Nikiitwa mahali kuzungumza, kwenye harambee au harusi, husema: mimi nilianza na mikono mitupu. Wanapiga makofi. Ukweli ni kwamba nilipotaka kuanza, mama aliwafunga vibete saba miguu kwa ukili, akawapeleka mnadani mwenyewe kichwani, akarudi na hela ya gunia langu la kwanza. Akabakiza koo mmoja na jogoo. Kwa hiyo mikono haikuwa mitupu. Hakuwahi kunikumbusha, na mimi sikuwahi kumkumbusha.

Mwaka huo ninaousema, mdondo ulipita Msanzi. Kuku walikuwa wanasimama wamekunja shingo, jioni wanaokotwa. Mama alipoteza wote waliokuwa nje, na kila mtu ambaye mama aliwahi kumpa mbegu ya vibete, ukimuuliza, anakuonyesha uwanja mtupu. Akabaki koo mmoja aliyekuwa amefungiwa jikoni chini ya tenga, pamoja na jogoo wake. Jogoo alikufa wiki ileile. Koo akataga mayai kumi na moja, akalala.

Mayai yale mama aliyachora kila moja mstari wa mkaa. Hivyo ndivyo wanavyofanya, ili kuku mwingine akija kutaga kwenye kiota lile geni lijulikane, litolewe. Hapakuwa na kuku mwingine wa kuja kutaga. Alichora tu, kwa mazoea. Kiota chenyewe kilikuwa kipande cha mtungi uliovunjika, kimetandikwa majani makavu ya ulezi.

Alimlaza Jumapili baada ya misa. Alhamisi ya wiki ya pili, siku ya kumi na moja, nikapigiwa simu kwamba mama ameanguka akitoka kisimani.

Nilifika kabla ya saa sita. Nilimkuta jikoni ameegemea ukuta, mguu wa kulia umevimba kwenye nyonga na umegeuka nje, na uso wake haukuwa na rangi. Mboni zake zilikuwa zimeingiwa na ukungu muda mrefu, mtoto wa jicho, akawa ananitambua kwa mlio wa viatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekuja na gari?"

"Nimekuja na gari. Tunakwenda hospitali, halafu nyumbani Chanji. Huku basi."

"Kuku amelala," akasema.

Nilidhani homa inamsemesha. Akanyoosha mkono kwenye pembe ya jikoni, nikamwona koo chini ya tenga, jicho moja linanitazama, hapumui.

"Zimebaki siku kumi. Nihesabie kumi, halafu nichukue hata kwa kamba."

"Mama, mguu haungoji kuku. Nitakununulia kuku mia."

"Mia wa nani? Hawa ni wa mwisho." Akashika paja mpaka maumivu yakapita. "Basi anakwenda na mimi. Lakini aliyelala hahamishwi mchana. Ngoja giza liingie, tumfunike kanga yangu, hatajua kama ametoka."

Saa kumi nilikuwa na mzigo unapakiwa mashineni kwangu. Wapakiaji wangu ukiwaacha peke yao wanapakia na usingizi. Nikasema hapana, tunaondoka sasa. Nikambeba mama mwenyewe, mwepesi kama debe la pumba. Koo na kipande chake cha mtungi nikavitia ndani ya boksi la sabuni, nikaweka nyuma ya pikapu, saa nane ya mchana, jua linawaka na upepo wa Juni unakata masikio. Njia nzima mama hakuuliza habari ya mguu. Kila tuliporuka shimo alisema, "Mayai."

Nilipokuwa nashusha boksi pale getini, jirani yangu, mwalimu kutoka Mbeya, mtu wa maneno, alikuwa amesimama ukutani.

"Mzee, leo umetuletea bibi harusi?"

"Kuku wa mama."

Akachungulia. "Na soksi amevaa! Ndiyo maana nyie Wafipa hamwishi vituko. Sisi Mbeya baridi yetu tunavaa wenyewe, nyie mnavalisha mpaka kuku."

Tukacheka. Nilimwambia baada ya siku kumi aje aone vifaranga kumi na moja, bila mashine, bila umeme, ndani ya nyumba ya marumaru. Nilisema kwa sauti, na mke wake alisikia, na aliyekuwa anapita na baiskeli alisikia. Huo ndio mdomo wangu. Umenipa mali, siutukani.

Boksi niliweka stoo. Koo akatoka, akasimama juu ya marumaru, akainua mguu mmoja, akauweka, akainua mwingine. Hakurudi kwenye mayai. Mke wangu akamsukuma, akaruka, akaenda kusimama pembeni ameupa ukuta uso.

"Amesusa," mke wangu akasema.

Mama tulikuwa tumemtoa hospitali, amelazwa chumba cha wageni, mlango wazi. Akasikia. "Hajasusa. Ameogopa. Mleteni huku, muweke chini ya kitanda changu, mfunge pazia."

Mke wangu akaniangalia. Kitanda kile ni cha mninga, godoro lilikuwa bado na nailoni. Nikasema weka. Tukakiingiza kiota kule chini, tukaweka gunia chini yake kwa sababu ya ubaridi wa sakafu, tukafunika kwa kanga ya mama. Mama akawa ananing'iniza mkono kitandani, vidole vinagusa sakafu, haongei, anatoa kisauti fulani kooni cha kuitia kuku. Alhamisi ikapita. Mayai niliyagusa jioni, yalikuwa baridi kama sabuni. Ijumaa karibu na mchana mke wangu akaja mashineni kuniambia, amerudi, amelala.

Daktari alikuwa ameniita pembeni. Alisema kwa umri ule mfupa hautaunga vizuri, na moyo umechoka, tusimwambie mengi, tumpe anachotaka. Anachotaka. Mama hakutaka samaki wa ziwani, migebuka niliyomwagizia kutoka Wampembe, hakutaka soda, hakutaka runinga. Ugali wa ulezi alikuwa anakata matonge mawili, anasema ameshiba. Alitaka kurudi Msanzi.

"Wakitotolewa, utanirudisha na watoto wangu?" Kwa watoto alimaanisha wale wa chini ya kitanda.

"Siku hiyohiyo, mama."

"Usiseme hivyo. Sema Mungu akipenda."

"Mungu akipenda."

Nilikuwa nasema tu. Nimrudishe kwenye nyumba ya udongo, mguu ule, watu waseme tajiri wa Chanji kamtupa mama yake? Nilijiambia atazoea. Mwenye nyumba nzuri hukimbiwa na nani?

Siku zikaenda. Mama alikuwa anahesabu kwa kifundo, kila asubuhi anafunga kifundo kimoja kwenye uzi wa rozari iliyokatika. Vibete, alisema, hutotoa siku ya ishirini au ishirini na moja, hawapitishi. Jumamosi ikafika, ya ishirini. Kimya. Jumapili, ya ishirini na moja. Mke wangu na mimi tulirudi kanisani, jirani yule mwalimu kasimama palepale ukutani.

"Mzee, wageni wamefika?"

"Wako njiani."

"Waangalie wasije wakawa wamepotea stendi!"

Nilicheka na yeye lakini ndani kiliniuma. Nikaingia, nikamkuta mama amelala ubavu, sikio ameliweka ukingoni mwa kitanda.

"Bado, mama?"

"Alipoteza siku moja njiani, na baridi. Atairudisha. Mwache."

Hakula siku ile. Na Jumatatu asubuhi hakula. Uji aliuweka mdomoni akaurudisha. Ukitazama mikono yake uliona mishipa yote. Nikawaza mambo mawili kwa pamoja, na sijui lipi lilitangulia. Nikawaza, mama atakufa akiwa anasikiliza mayai yaliyooza. Na nikawaza, watu watasema, nyumba ya fulani ina marumaru, lakini hata yai haliivi humo.

Jumatatu mchana mke wangu alimpeleka mama kliniki kwa pikapu. Mimi nikabaki. Nikapiga magoti kando ya kitanda. Koo akanidonoa mkono, nikaingiza vidole chini ya tumbo lake, nikatoa yai moja. Nikalitikisa sikioni. Likasema chwa, chwa, kama maji nusu dumu.

Viza.

Nimewaambia kazi yangu. Unachoma moja, unajua lori. Sikutikisa la pili. Kwa nini nitikise la pili? Miaka ishirini na tano bambo halijanidanganya, nimegeuza malori ya watu wazima wakalia machozi, nikawa mimi ndiye mwenye haki. Nikayakusanya yote kumi na moja kwenye beseni, nikatoka nyuma, nikayamwaga kwenye shimo ninalotupia pumba chafu za mashine. Nikapanda bodaboda mpaka mjini kwa muuza vifaranga.

Huyo anauza vifaranga vya kisasa, vya mashine, vya siku moja, vinakuja kwenye maboksi yenye matundu.

"Shilingi ngapi?"

"Elfu mbili mbili, mzee wangu. Ni mbegu nzuri, miezi mitatu unakula."

"Elfu moja mia nane, nachukua kumi na moja sasa hivi."

"Kumi na moja? Mzee, watu wanachukua mia."

"Nataka kumi na moja."

Akanitazama kama mtu wa ajabu, akahesabu. Nilitoka pale moyo umetulia, nimepunguziwa, na tatizo nimelimaliza. Nilirudi, chumba giza, nikaviingiza kimoja kimoja chini ya koo. Kule gizani hakuona rangi. Alisikia sauti tu. Akafungua mbawa, akavifunika, akaanza kutoa ile sauti ya ndani, ya mama. Nilikaa pale chini nikimsikiliza, na nitasema kweli, nilijiona mtu mwenye akili kuliko wote Rukwa.

Mama aliletwa saa kumi na moja. Mlangoni tu akasimama kwa mguu mmoja, mke wangu kamshika kwapa. Pi, pi, pi, chini ya kitanda.

"Wamekuja," akasema.

Akafunika mdomo kwa mkono. Alilia kidogo, akacheka, akaniambia nimwite mwalimu. Nikamwita. Mwalimu akaja, akavua viatu mlangoni kwa sababu ya marumaru, akasema shikamoo bibi, hongera ya kujifungua. Mama akamjibu marahaba mwanangu, mtoto wa kwanza nitakupa wewe, ukawavalishe soksi watu wa Mbeya. Alikuwa na utani wake mama, nilikuwa nimeshausahau. Akaomba ugali. Akala sahani nzima, na maharage, akaomba mchuzi uongezwe. Hakutaka kuwagusa vifaranga. Siku ya kwanza hawaguswi, alisema, siku ya kwanza ni ya koo mwenyewe, atawatoa akitaka.

Jioni ile ilikuwa nzuri. Ninaiweka hapa kwa sababu ilikuwepo.

Jumanne asubuhi nilikuwa nakunywa chai mama akaniita.

"Baba, niletee maganda."

"Maganda gani?"

"Maganda ya mayai. Nitafutie na bua la unyasi, nayatunga."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nilikuwa nimesahau. Mimi mtoto wa Msanzi, niliyekulia chini ya yale maganda, nimesahau. Kwetu kuku akitotoa, maganda hayatupwi. Mwanamke huyachoma kwenye bua, moja juu ya jingine, akalichomeka bua darini juu ya kiota, ili koo alale tena na tena. Jikoni kwa mama yalijaa mabua ya namna hiyo, meusi kwa moshi, mengine yana umri kunizidi.

"Nimeshayatupa, mama. Yalikuwa yananuka."

"Yana mistari yangu ya mkaa. Kayatafute."

"Mama, ni uchafu tu."

Akainama, akapeleka mkono chini ya kitanda taratibu, akamtoa mmoja. Akamweka kwenye kiganja. Kwanza akampapasa kichwa kwa kidole gumba. Halafu mgongo. Halafu akashika mguu, akakipandisha na kukishusha kidole kutoka goti mpaka kwenye kucha, mara moja, mara mbili, akipima. Kifaranga cha kibete huzaliwa na zile soksi. Ni unyoya mwembamba kama vumbi, lakini upo. Huu mguu ulikuwa mtupu na mrefu.

Akamrudisha. Akamtoa mwingine, akapapasa mguu, akamrudisha. Wa tatu hakumtoa.

"Hawa ni wa nani?" akauliza.

Mke wangu alikuwa mlangoni ameshika kikombe. Hakujua lolote, nilimficha hata yeye. Akanitazama.

"Mama, yale yalikuwa viza," nikasema. "Nilitikisa."

"Ulitikisa mangapi?"

Nikarudishia kanga juu ya kiota.

"Mangapi, baba?"

"Moja."

"Kayalete."

Nikaenda nyuma. Nataka mwelewe, pumba zikikaa shimoni kwa wingi zinachemka zenyewe, ukitia mkono unasikia joto kama la mnyama. Nililisahau na hilo. Nikafukua. La kwanza lilikuwa lile lililotikisika, limepasuka, linanuka, kweli viza. La pili likavunjika mkononi na ndani mlikuwa na kifaranga mzima, amejikunja, amekufa, na manyoya mpaka kwenye vidole. La tatu vilevile. La nne. Nikawa navunja sasa kwa haraka, natafuta lingine viza hata moja tu la kunitetea. Halikuwepo. Kumi walikuwa wamekamilika. La mwisho lilikuwa limezama chini kabisa kwenye joto, na hilo lilikuwa na tundu. Tundu dogo kama punje ya ulezi, pembeni ya mstari wa mkaa, na ndani ya tundu ncha ya mdomo. Alikuwa ameanza kutoka. Alikuwa ameanza usiku huo au alfajiri, ndani ya pumba. Nikalitoa yai lilivyo, nikagusa ule mdomo. Alikuwa bado hajakakamaa.

Nasikia mashine yangu inasaga ng'ambo ya ukuta, mteja anagombana na mwendeshaji juu ya dona, mambo ya kila siku.

Nikampelekea mama lile lenye tundu. Nikaliweka kiganjani mwake. Akalizungusha mpaka akalipata tundu, akaweka kidole pale, kwenye ule mdomo.

"Huyu alikuwa ameshapiga hodi," akasema.

Hakunitukana. Ningependa anitukane. Alisema tu mke wangu amtoe koo nje apate jua, alikuwa hajatoka siku nyingi. Tukambeba na vifaranga vyake vya kununua mpaka uani. Juani koo akavitazama. Ni mara ya kwanza alikuwa anaviona: vya manjano, virefu, vinamkimbilia. Akavitazama kwa jicho hili, akageuza kichwa akavitazama kwa jicho lile. Halafu akaondoka, akaenda kusimama ukutani. Vikamfuata, akasogea. Vikamfuata, akadonoa kimoja kichwani, akasogea tena. Sasa ndiyo alikuwa amesusa, na hakuna kanga wala giza lililomrudisha. Vile vifaranga havikuwa na taa wala mama, na ilikuwa Juni ya Ufipa. Viwili vilikufa siku ileile. Mke wangu aliviweka karibu na jiko, vikaendelea kufa kimoja kimoja, Ijumaa hapakuwa na hata kimoja.

Mama na yeye hakula tena kwangu. Sikusema amesusa, neno hilo nililiogopa. Uji ukiletwa anasema asante mwanangu, uweke hapo, jioni uko palepale una ngozi juu. Jumatano nikamwambia tutakwenda hospitali watamtundikia dripu. Akasema, "Uliniambia Mungu akipenda."

"Nilisema wakitotolewa, mama."

"Mmoja alitotolewa."

Alhamisi nikampandisha pikapu, nikamrudisha Msanzi, safari hii polepole, nimetandika magodoro mawili. Koo wake tulimpakata ndani ya kanga. Tulifika, nikamlaza jikoni alikotaka yeye, karibu na moto, chini ya yale mabua ya maganda. Sikurudi Chanji. Magunia yalipokelewa na wengine, sijui hata yalipimwaje. Nilikaa siku kumi kwenye kigoda cha mama, namchemshia uji, na uji wa pale alikunywa, vijiko vitatu, vinne.

Siku moja nikamwambia yote. Kwamba niliona aibu kwa jirani, kwamba niliogopa atakufa bila kusikia vifaranga, kwamba sikuwa na nia ya kumrudisha. Alinisikiliza huku kakishikilia kidole changu, si mkono, kidole kimoja.

"Ile jioni nilikula vizuri," akasema.

Baadaye nilimuuliza kama anataka niyatunge yale maganda, nilikuwa nimeyaokota yote nikayaleta kwenye kopo. Akatikisa kichwa. Maganda ya kuvunjwa na mtu hayatungwi. Nikayazika nyuma ya jikoni.

Alifariki Jumapili, watu wakiwa misani.

Msiba niliuendesha mimi, na hakuna msiba kama ule uliowahi kuonekana Msanzi. Ng'ombe wawili, turubai, jeneza la mninga lenye kioo, Fuso ilikwenda mara tatu kuleta watu kutoka mjini. Mwalimu alikuja na familia yake yote. Kwenye kutoa shukrani wakaniita mbele, mtu aliyeanza na mikono mitupu, akasema msemaji, tazameni alivyomtunza mama yake mpaka mwisho. Watu wakaitikia. Nikashika kipaza sauti, na sikuweza kusema lile neno langu. Nikasema asanteni kwa kuja, nikakaa chini.

Koo yupo mpaka leo, niko naye Chanji. Hatagi. Wanawake wa Msanzi nimewauliza, na wa Matai, na mpaka huko chini ziwani nimeagiza watu; hakuna aliyebakiwa na kibete mwenye soksi. Nikienda kununua mzigo siku hizi nachoma gunia la tatu, la nne, la kumi, wenye mali wananiangalia, mzee umeanza kuzeeka? Naendelea kuchoma.

Watu huniuliza msiba ule ulinigharimu kiasi gani, wanataka kusikia mamilioni. Mamilioni yale siyakumbuki vizuri. Ninachokikumbuka ni vifaranga kumi na moja vya kisasa, elfu moja mia nane kila kimoja baada ya kupunguziwa, noti nilimhesabia muuzaji kwa mkono wangu na chenji ya mia mbili akanirudishia: shilingi elfu kumi na tisa na mia nane.